Mzee Asegelile Aliyefungua Njia ya Gati

Jumamosi hii, tarehe 27 Juni 1914, Mzee Asegelile Mwaipungu anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika gati letu la mdomo wa Mto Mbaka. Alianza mwaka 1895 akiwa mchukuzi, akawa mnyapara mwaka 1902. Tangu hapo amewazoeza kazi wasimamizi wanne wa Kijerumani, ingawa wao walidhani wanamzoeza yeye.

Waliokuja juzi hawajui hali ilivyokuwa. Meli ilifika mara moja kwa mwezi na haikulala. Masika ya mwaka 1904 iliondoka ikaacha theluthi ya mzigo ufukweni, na mpunga ukachipua ndani ya magunia. Msimamizi akasema wabebaji wanawake ni wavivu, wote waondolewe. Walikuwa arobaini, na wengi walilisha nyumba zao kwa kazi hiyo.

Mzee Asegelile aliomba apewe muda wa meli mbili kabla hawajaondolewa. Ya kwanza alikaa tu kwenye matete akatazama. Aliona mwanamke akikaribia ubao wa kupandia melini, ghafla anatua kikapu na kukimbilia kichakani, na safu nzima nyuma yake inasimama. Pale ubaoni alikuwapo baba mkwe wake. Kwetu mke hapiti mbele ya baba wa mumewe, wala hamtazami. Na aliyewapanga wazee ubaoni, kwa kuwa ndipo mahali pa heshima, ni Mzee Asegelile mwenyewe. Alikwenda kwa msimamizi akasema kosa ni lake, si la wanawake.

Wazee wakahamishiwa ghalani na kupewa njia ya kando ya mto; wanawake wakapita ufukweni. Kisha akatufanyisha mazoezi siku tatu kwa vikapu vitupu. Mimi karani, ambaye wakati huo sikuwa na hata mchumba, nilipewa kazi ya kuwa baba mkwe. Nilikimbiwa na wanawake arobaini, na baadhi yao bado wananikwepa sokoni Lyulilo. Meli ya pili ilijaa kabla ya saa sita mchana. Hakuna aliyeondolewa.

Kasoro anayo moja: haamini kwamba mtu mwingine anaweza kufunga kamba. Nimemwona akifungua mzigo uliofungwa vizuri kabisa, akaufunga upya vilevile.

Hodari kuliko wote aliowafundisha ni Tusekile, kiongozi wa safu ya wanawake. Mwezi Machi aliolewa na Yohana, mwana wa Mzee. Njia mbili hazikusaidia tena, maana mnyapara hupita zote. Meli mbili zilizofuata, Tusekile aligeuka njiani akarudi nyumbani. Sote tulidhani ataacha kazi, kama ilivyo kawaida. Badala yake Mzee alikwenda ofisini akaomba kupumzika yeye, akisema kwamba yeye amekwisha kufanya kazi yake na binti huyo ndiyo kwanza anaanza. Nilihuzunika siku ile, na bado nina huzuni.

Mzee wetu, wenzako tunakuombea afya, migomba yenye kuzaa na wageni wa kukuchangamsha. Tusekile anarudi gatini Jumatatu. Leo hayupo hapa, nanyi mnajua kwa nini. Ametuma shukrani zake kwa lugha ya kwetu, na kwa kuwa haruhusiwi kutamka jina la mkwewe, ameniomba nilitamke mimi: Asegelile Mwaipungu, ndaga fijo.