Nilipaka Friza Mafuta ya Upako

Watu wa Mungu wa Lodwar, Bwana apewe sifa, na za leo apewe mara mbili! Nawasalimu kwa Kiturkana chetu: Ejok! Ejok nooi!

Kwa wale wasionijua, mimi ni Mama Akiru. Nimezaliwa hapa hapa, nimeokoka hapa hapa, kisha nikaolewa Kakuma, na huko nauza maji baridi, soda na barafu. Wanaonijua wanajua pia kwamba mdomo wangu hauna breki. Leo nimesimama kurekebisha jambo nililolisema mbele yenu, kwa hiyo mnivumilie, na wale wa nyuma waache kunong'ona.

Ndugu zangu, friza yangu niliinunua hapa mjini, ile ya kusimama, imetumika kidogo. Nikaipakia kwenye lori la Kakuma. Lori lilikuwa limejaa magunia, kwa hiyo tukailaza ubavu, na ikasafiri hivyo hivyo kwenye ile barabara mnayoijua. Tulipoishusha jua lilikuwa kali, watu wamesimama wananiuliza maji baridi yako wapi. Nikaichomeka hapo hapo! Sikujua kwamba kompresa, ile mota nyeusi iliyo chini nyuma ya friza, ina mafuta yake ndani. Ukiilaza friza, mafuta yanahama yanaingia kwenye mabomba. Unatakiwa uisimamishe na kuiacha, hata siku nzima, mafuta yarudi mahali pake. Mimi nilisubiri muda wa kufuta jasho tu. Mota ikanguruma wiki chache, ikafa.

Fundi akaweka mota ya pili. Akaniwekea na kidude cha kulinda stima, kile chenye taa, unakichomeka ukutani halafu friza unaichomeka kwake. Stima ikipotea na kurudi, kidude kinakaa dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu friza iwake. Fundi alinieleza sababu, lakini nilikuwa na wateja, sikumsikiliza. Sasa mimi naangalia, stima imerudi, taa zimewaka, redio za watu zinaimba, friza yangu peke yake imenyamaza. Ndugu zangu, nikajua hiyo ni roho ya kuchelewesha! Nikaikemea siku tatu. Siku ya nne nikang'oa kidude, nikakitupa chini ya kitanda, nikachomeka friza moja kwa moja ukutani. Ikawaka papo hapo, nikapiga vigelegele. Kumbe mota ikizimika inahitaji kupumzika kabla ya kuanza tena. Ukiilazimisha inachemka, nyaya zake za ndani zinaungua. Na stima yetu mara inarudi dhaifu, mara inarudi kwa kishindo. Mota ya pili nayo ikaenda, na mimi nikaanza kutafuta mchawi.

Sikwenda mbali. Jirani yangu ni mkimbizi wa kambini, kutoka Kongo, tunamwita Mama Neema. Anauza maji baridi kama mimi, kibanda chake na changu vinagawana ukuta. Friji yake ni ya zamani sana, mlango unafungwa kwa mpira wa baiskeli, kutu imepanda mpaka kiunoni, na haijawahi kuharibika hata siku moja. Nikajiuliza, kwa nini zangu zinakufa na yake inanguruma tu? Nikajijibu mwenyewe. Jibu sikulipeleka kwa Mungu, nililileta hapa.

Mnakumbuka. Nilisimama pale karibu na nguzo, nikasema yuko mwanamke wa Kongo anakula mota zangu. Nikasema kibanda chake kiko wapi. Nikasema mpaka rangi ya kitambaa anachofunga kichwani. Nikawaomba mfunge siku tatu, mkafunga, na mzee mmoja alifunga na vidonda vyake vya tumbo, Mungu ambariki. Maneno yakafika Kakuma kabla yangu. Wateja wa Mama Neema wakaanza kuhamia kwangu. Mmoja alikuwa ameshakunywa nusu ya chupa, akairudisha, akaanza kujipapasa tumbo asikilize kama kuna kitu kinatembea! Mama Neema ana watoto watatu, na wote walikuwa wanakula kutokana na ile friji. Mimi nilipoona meza yake haina mtu, nilisema maombi yanajibiwa. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mota ya tatu nikaamua kuilinda kiroho. Kila asubuhi nilichukua mafuta ya upako, nikazunguka nyuma ya friza, nikapaka zile waya nyembamba za mgongoni, waya moja baada ya nyingine, kwa imani. Kisha nikaisukuma friza ikabana ukuta. Kisha nikaifunika blanketi zito la kijivu, kuanzia juu mpaka chini, ili jicho la jirani lisipite. Ndugu zangu, vumbi la Kakuma mnalijua. Lile vumbi likakuta mafuta. Baada ya mwezi mgongo wa friza yangu ulikuwa umevaa koti.

Siku moja mchana, joto limezidi, friza ikaanza kulia tik, inanyamaza, tik, inanyamaza. Harufu ya kuungua ikatoka. Nikaweka mikono juu ya mlango nikapaza sauti: "Toka! Toka! Toka!" Badala ya pepo kutoka, aliingia Mama Neema. Hakubisha hodi. Akang'oa waya ukutani, akavuta blanketi akalitupa nje. Nikapiga kelele, "Jamani njooni! Amekuja kuimaliza mchana kweupe!" Watu wakajaa mlangoni.

Mama Neema akagusa ile mota, akatoa mkono haraka. Akapitisha kidole kwenye waya za mgongoni, akakinusa.

"Mama Akiru, hii ni nini?"

"Mafuta ya upako," nikasema, kifua mbele.

Akanionyesha kile kidole. "Dada, ni weye njo unaua frigo yako. Mchawi hapana. Frigo inatoa joto ku mugongo. Weye umeipakaa mafuta, vumbi imeshika, umeibana ku ukuta, tena na blanketi, na hii jua ya Turkana! Hata weye nikufunike vile, utazimia."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta andiko la kumjibu, na andiko halikuja!

Mama Neema akasema mota haijafa bado, ndani yake kuna kitu kidogo kinachoizima ikichemka sana, tuiache ipoe. Akaomba maji ya vuguvugu, sabuni na brashi. Akasugua ule mgongo mpaka waya zikaonekana, akazikausha. Akaivuta friza mbali na ukuta, nafasi ya mkono kupita. Akaniuliza kidude cha stima kiko wapi, nikaenda kukitoa chini ya kitanda. Akaona na kisu nilichokuwa nabandulia barafu, akaninyang'anya. Alisema ukitoboa bomba gesi inatoka, halafu mota inazunguka bure mpaka inajiua. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwao Uvira alikuwa anauza samaki wa barafu, na friji yake ya kwanza aliiua yeye mwenyewe, kwa vumbi na haraka, samaki wote wakaoza. Tangu hapo anasugua mgongo wa friji kila mwezi. Huo ndio uliokuwa uchawi wake wote, ndugu zangu. Brashi!

Tukachomeka. Kidude kikasubiri dakika zake, na safari hii sikukikemea. Mota ikawaka, taratibu, bila kelele. Nikakaa chini nikalia mbele za watu. Huyu mama nilimfukuzia wateja, meza yake ilikuwa tupu kwa ajili yangu, na bado alikimbia kuokoa kitu changu.

Nikamwambia nitakupa mbuzi. Akakataa. Nikamwambia nitamtumia pasta ujumbe. Akakataa. Nikamwambia nitawaeleza akina mama mmoja mmoja, polepole, tukiwa tunapika. Akasema, "Hapana. Ulinisema kwa sauti mbele ya watu. Unisafishe kwa sauti, mbele ya wale wale watu." Ndugu zangu, nilizunguka wiki mbili nikitafuta njia nyingine. Kunung'unika nilinung'unika, hata kufunga nilifunga, nikitumaini Bwana atasema basi, imetosha. Bwana hakusema.

Kwa hiyo niko hapa. Namshukuru Mungu kwa mota ya tatu, inafanya kazi mpaka leo. Lakini namshukuru zaidi kwa sababu ameniondolea macho yaliyokuwa yanaona adui kila mahali. Wewe unayekaa hapa na jina la mtu moyoni, biashara imekwama, ng'ombe amekufa, mtoto ameanguka mtihani, na tayari unajua ni nani amefanya, nakuomba umwamini Mungu kabla ya kuamini hasira yako. Angalia kwanza nyuma ya friza yako. Ukikuta vumbi, safisha, na umwache jirani apate riziki yake.

Na hii simu mnayoiona mkononi mwangu tangu nianze, si kwamba nasoma maandiko. Mama Neema hawezi kutoka kambini mpaka apate kibali, na kibali hakijatoka. Yuko hewani, amesikia kila neno. Mama Neema, umesikia? Ngoja niweke sauti... Anasema amesikia. Anasema amenisamehe. Haleluya! Anasema nini tena? Anasema nimesimulia vizuri, lakini muda wote nimemwita Mama Neema tu, na wako akina Mama Neema wengi Kakuma. Anataka niseme jina lake kamili, ili kila aliyefunga siku zile tatu ajue alikuwa anafunga dhidi ya nani.

Ni haki yake. Wapendwa, anaitwa Esperance Mapendo. Hajawahi kumloga mtu. Mwongo nilikuwa mimi.