Msimwite Aisha

Kaeni chini, na anayetaka kulia aende akalilie zizini pamoja na ng'ombe, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubembeleza watu wazima. Oyaro mwanangu, wewe uliyebaki peke yako katika wote niliowazaa, keti hapo mlangoni uzuie upepo. Maxine mjukuu wangu, sogea karibu, wewe na tumbo lako, kwa sababu maneno haya ni ya hilo tumbo. Na nyinyi majirani mnaochungulia kuona kama nimeshakata roho, bado. Ingieni, uji uko jikoni.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo na itaisha upesi. Shamba hili baba yenu Momanyi alilipata kwa mgongo wake, miaka ishirini na saba ya kuchuma chai ya wenyewe huko Kericho, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikawa vyeusi kama mizizi, na alipokuja hapa Kaplong kuchuma chai yake mwenyewe alichuma misimu miwili akafa. Shamba ni la Oyaro na Maxine, nusu kwa nusu, na asije mtu na kofia yake kuniambia msichana harithi. Ng'ombe mwekundu ni wa Maxine. Lakini ile mistari mitatu ya chai kule chini mpakani si yetu. Msinitolee macho. Ni ya marehemu Phelis jirani yetu. Niliimega mimi kwa jembe langu alipokuwa amelazwa, nikapanda ua mpya, naye aliporudi aliutazama ule ua, akanitazama mimi, akanyamaza mpaka kufa kwake. Ung'oeni. Mistari irudi kwa binti yake, Aisha, huyu huyu anayekuja kila asubuhi kuniosha na kunigeuza kama mtoto mchanga. Mnataka kujua ni kwa nini niliiba kwa mtu aliyelala kitandani. Ndilo jambo lenyewe hilo.

Sikilizeni, wanangu. Mmelisikia jina la Aisha kwenye makaburi yetu na kwenye maombi yetu mkadhani ni la ukoo. Si la ukoo. Ni la Waarabu, nami nililiokota Kericho, kwenye kambi ya wachuma chai.

Baada ya Oyaro nilikuwa nimezika wawili, na wote wawili walibeba majina ya wazee wetu kama Wagusii tunavyofanya, mtoto kuitwa kwa aliyekufa ili aliyekufa apate pa kurudi. Mimi nikachoka kuwapangishia wafu vyumba ndani ya watoto wangu. Siku hizo kulikuwa na mama Mnubi, Mwislamu wa Kericho mjini, aliyepita kambini kila Jumamosi na vikapu vyake. Alinikuta nina mimba na macho yamevimba, akauliza, nikamweleza. Akasema, "Akiwa msichana mwite Aisha. Kwa Kiarabu ni aliye hai, yule anayeishi." Nikamuuliza kama kuna mfu wangu yeyote ndani ya jina hilo. Akacheka mpaka vikapu vikamwanguka: "Mama, humo huna jamaa hata mmoja!" Nikalichukua hapo hapo, hata mume sikumwuliza. Mchungaji alikataa kumbatiza nalo, eti ni la Waislamu. Nikamwambia, "Na Yohana alizaliwa kwetu Nyamira?" Akamwandika Janefer kwenye kitabu chake, na sisi tukamwita tulivyotaka.

Ubaya ni kwamba mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu. Tukiwa mizanini tunangoja chai ipimwe niliwaambia wanawake maana ya lile jina, na kila mwanamke pale alikuwa na kaburi lake. Haikupita miaka miwili kambi nzima ikawa Aisha. Aisha wa Wajaluo, Aisha wa Waluhya, Aisha wa Wakipsigis, ukisimama mlangoni jioni uite, "Aisha, njoo ule!" wanatoka tisa, na wa kumi ni mbwa wa nyapara. Na Phelis, tuliyepakana naye ukuta, naye akazaa wake akamwita hivyo hivyo. Juzi Maxine amenionyesha kwenye simu eti hili jina linapendwa dunia nzima, wanawake wasiohesabika wanaitwa hivyo. Mimi sikushangaa. Dunia nzima inaogopa kuzika.

Aisha wangu wa kwanza alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka mitatu, mwaka wa ile mvua ya mawe iliyomaliza chai yote. Ndipo desturi niliyoikimbia ikanikamata kwa jina lile lile. Msichana aliyefuata alilia siku nne bila kupumzika, wazee wakasema ni dada yake amerudi, mwiteni. Tukamwita Aisha, akanyamaza. Surua ikamchukua kabla hajaijua shule.

Siku ya tatu baada ya kumzika huyo niliingia kwa Phelis bila hodi. Wake alikuwa sakafuni anakula kiazi, mashavu hayo!

"Nirudishie jina langu," nikamwambia.

"Nyanchoka, jina si sufuria, uazime na kurudisha."

"Mmelitia maji. Majani ya birika moja mmekunywa watu kumi, sasa mimi nabaki na nini?"

"Pole dada. Keti kwanza, unywe kitu."

Kunipa pole ndiko kulikonichoma. Nikamjibu neno ambalo sijalitubu mbele ya mtu mpaka leo: "Tutaona atakayebaki ni Aisha wa nani." Na kutoka siku ile, mtoto yule akikohoa upande wa pili wa ukuta, niliacha kazi niliyoishika nikasikiliza. Nilisikiliza kama mkulima anayesikiliza ngurumo. Basi, mmenielewa, msinilazimishe kulisema lilivyo. Mtoto akakohoa, akapona, akakohoa, akapona, akaota kichwa kigumu kama cha mama yake. Hata tulipohamia huku, naye Phelis akanunua kando yetu tukapakana tena, bado nilikuwa na wivu ule, ndipo nikashika jembe. Hajui, maskini. Mwambieni yote nikishazikwa, wala si kabla. Bado nahitaji kuoshwa.

Wa tatu, Maxine, ndiye mama yako. Alipofika miaka thelathini na mitatu nilianza kudanganyika, nikasema jina limeamka sasa. Yaliyotokea unayajua. Uchungu ulimshika mvua imeshakata barabara, na damu haingoji gari. Akaenda yeye na yule aliyekuwa anamleta. Ulikuwa na miaka tisa. Ukaja ukanishika leso ukauliza, "Magokoro, bibi yangu, si ulisema jina la mama ni anayeishi?" Nikakuzaba kofi.

Na wewe sasa umefuma kisweta, ukatarizi kifuani Aisha, kwa uzi wa njano. Kifumue. Najua mama yako anastahili kuitwa, najua ndiyo desturi, na najua utasema mimi ni bibi mchawi nisiyependa jina la binti yangu litajwe. Sema. Lakini lile jina nililichukua kwa sababu halikuwa na mfu, na leo lina wafu watatu, wote wametoka kwenye tumbo langu, na hakuna hata mmoja aliyeota mvi. Sisemi kwamba jina linaua. Aisha wa Phelis anazeeka nalo vizuri, magoti yanamuuma kama watu wengine. Jina halileti kifo na halikizuii. Nimetafuta cha kukizuia miaka themanini, kwa maombi na kwa mizizi na kwa Kiarabu, na nawaambia kama mtu aliyefika mwisho wa njia: hakipo. Hata hivyo mtoto asianze safari akiwa amebeba watatu mgongoni.

Mwite Nyanchoka. Si jina zuri, na kwenye simu yako hakuna atakayelitafuta. Mimi niliitwa kwa bibi yangu, ambaye alikufa kwa kuwa meno yalikwisha na kutafuna kukamchosha. Walio ndani ya jina hilo walikufa wazee, basi. Hicho ndicho nilicho nacho cha kukuachia zaidi ya ng'ombe.

Lakini mtoto hapewi jina la mtu ambaye bado anahema, hilo mnalijua. Ndiyo sababu Jumatatu nilikataa kurudishwa hospitali, na wewe Oyaro ukanifokea mbele ya wageni kama wewe ndiye uliyenizaa. Daktari alisema wangeniongezea wiki kadhaa, labda mwezi. Mwezi wa nini? Maxine amebakiza siku kumi na tano. Msidhani nataka kufa, nani anataka? Ningependa kukiona kile kiumbe, nikiambie kina pua mbaya. Lakini hatuwezi kuwa wawili.

Na akitangulia kufika, mimi nikiwa bado nahema hapa, mkae naye bila jina. Mwiteni mtoto. Alie siku nne, alie kumi, wazee waje na maneno yao, zibeni masikio, msimwite... msimwite lile. Ngojeni mpaka mnifunike.

Nigeuze kidogo, Oyaro. Hapo. Jeneza liwe la mbao za kawaida, mchungaji asihubiri mpaka mvua ya alasiri iwakute, na mnizike upande wa baba yenu, si kando ya wale wasichana. Nimekaa nao vya kutosha.

Maxine, funua tumbo. Lete... lete hapa kinywani pangu, nikutemee baraka kama wazee wanavyofanya. Uzae salama. Uzae, unyonyeshe, uzeeke, ukosane na majirani... mate hayatoki. Mnaona? Kinywa kimekauka kama kibuyu. Basi ichukue hivyo hivyo, kavu.

Anasukuma. Nimemsikia kwa shavu, anasukuma kama mwenye mlango wake.

Mwambie angoje. Mwambie... mimi ndiye natoka kwanza.