Mjomba Anatole na Damu ya Farasi

“Sindano itaingia nyumbani mwangu siku mimi nitakapotolewa nimelala.” Maneno hayo marehemu mjomba Anatole Bisimwa aliyasema kwa maikrofoni, Jumapili ya Pasaka mwaka jana, mbele ya kanisa zima hapa Turffontein, na watu wakapiga makofi. Alitabiri mengi maishani. Hili ndilo lililotimia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Kadutu, mjini Bukavu, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Shule ya msingi alisoma hukohuko, akafika sekondari mwaka wa nne, akaacha. Hilo halikumzuia kuwasahihisha madaktari. Nilipojaribu mimi, mpwa wake, kumsahihisha yeye, alinijibu, “Nyamaza, nusu-diploma.”

Mwaka 1994 alimwoa Concilie, binti wa Bujumbura, wakajaliwa Murielle. Vita viliwafukuza, wakaingia Johannesburg Aprili 2001, naye akaweka cherehani Doornfontein. Hapo tumpe haki yake: suti aliyovaa leo kaishona mwenyewe, na hamtaona bega lililokaa vile. Mjukuu wake Chloé alipozaliwa, alimshonea gauni la ubatizo kwa kitambaa kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi fulani, akamtembeza kwa mafundi wote wa jengo wamwone.

Ukutani pale kazini alibandika picha aliyotumiwa kwa WhatsApp: farasi amesimama, mabwana wenye makoti meupe wanamtoa damu. Ni picha ya miaka mia iliyopita, enzi dondakoo lilipokuwa likiziba makoo ya watoto, na wauguzi wakipiga hodi mtaa kwa mtaa kuwabembeleza wazazi wakubali chanjo. Dawa ya waliokwisha kuugua ilitoka kwenye damu ya farasi. Mafundi wenzake waliona watoto wanapona. Mjomba aliona farasi. Kila mama aliyeleta gauni kupunguzwa alihubiriwa, na Murielle akakatazwa kumpeleka Chloé kliniki.

Mei mwaka huu koo likamshika. Akasukutua maji ya chumvi na ndimu, kanisa likafunga na kumwombea, na shingo ilipovimba ndipo akakubali hospitali. Daktari akasema ni dondakoo, dawa ipo, na ndiyo, mpaka leo inatoka kwa farasi. Marehemu akatikisa kichwa. Mkewe Concilie, aliyevumilia kamari ya uwanja wa mbio za farasi tangu wahamie mtaa huu, akamwambia taratibu, “Anatole, kila Jumamosi unawapa farasi pesa ya nyumba hii. Leo mmoja anakurudishia, unakataa?”

Alikataa siku mbili. Alipokubali, sumu ya ugonjwa ilishafika moyoni. Alifariki tarehe 3 Juni, alfajiri. Eish.

Ameacha mjane, Concilie; binti, Murielle; na mjukuu, Chloé, wa miezi mitano, aliyelala chumba kimoja na kikohozi cha babu yake. Wazee wa kanisa wameagiza neno la marehemu lisivunjwe mpaka tuondoe matanga. Wazee wangu, kwa heshima zote, dondakoo halikai matanga. Jumatatu asubuhi Murielle anampeleka mtoto kliniki. Anayetaka kumzuia aseme sasa, hapa kaburini, sote tumsikie.

Mjomba apumzike, na ubishi wake azikwe nao.

Chanjo ya mtoto, kliniki ya serikali, ni bure.