Bénie Anakwenda Kufanya Nini Majini?

Kwenye kona ya barabara inayoshuka kuelekea daraja la Naviundu kuna benchi moja la mbao, na mimi nauza kahawa pembeni yake. Benchi hilo lina wenyewe. Ngosa, fundi viatu, tunamwita Ministre, yaani Waziri, kwa sababu hakuna jambo la nchi ambalo hana neno juu yake. Alexis, anayeuza chaja na housse, mifuko ya simu, ni Avocat, wakili: alianza masomo ya sheria yakaishia njiani, lakini Kifaransa chake hakikuishia njiani. Papa Laurent, aliyefanya kazi ya reli mpaka nywele zikawa nyeupe, ni Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Kila alasiri wanagombana watatu, na kesho yake wanarudi kama ndugu. Siku moja Chef de Gare alikuja akakaa bila kusalimia mtu. Nilimmiminia kahawa, akaishika tu. Avocat aliona kwamba ninamimina huku mwanangu Séphora analia mgongoni, akanyoosha mikono, akamchukua. Ndivyo alivyo: maneno makali, mikono ya mlezi.

— Chef, kafe iko napola, alisema Ministre huku akivuta uzi. Nani alikufa?

— Hapana mwenye alikufa. Ni Bénie.

Bénie ni kitindamimba wa Papa Laurent. Ni muuguzi, anaishi Amerika na mume wake Osée, fundi wa injini. Kila sikukuu hutuma salamu kwa benchi zima, na mimi ananiita dada ingawa hatujaonana hata mara moja. Papa Laurent alitoa simu, akaiweka juu ya goti, akabonyeza. Sauti ya Bénie ikatoka, ujumbe kuhusu boti:

— Papa, yambo. Bato yetu iko tayari. Osée alimaliza kutengeneza moteur. Iko na kitanda, na jiko kidogo, na dirisha. Tutafuata njia ya mayi yenye inapita kando ya bahari, kati ya inchi kavu na visiwa, tutoke kusini, tufike kaskazini, polepole, myezi na myezi. Siye babili tu, miye na Osée. Leo mayi ikipanda, tunatoka. Lakini tunangoja baraka yako, Papa. Bila baraka, hatufungue kamba.

Ministre aliweka sindano chini.

— Mayi ikipanda? Inapanda wapi?

— Ni marée, mon cher, alisema Avocat. Ku bahari mayi inapandaka na kushuka, kila siku.

— Nani anafungua robinet ya mayi?

— Mwezi.

— Mwezi! Avocat, rudisha ule mutoto kwa mama yake, umechoka.

Tulicheka. Papa Laurent hakucheka. Ministre akamgeukia kwa upole.

— Chef, juu ya nini haupe mutoto baraka? Ulisha kumupa mara ngapi.

— Sikiliza. Kwetu, mu famille yetu, baraka haiko kusema "enda muzuri" tu. Baba anaweka mayi mu kinywa, anamupulizia mutoto. Kisha anasema kwenye anaenda, na juu ya nini anaenda. Bénie alipoenda ku masomo, nilisema: enda utafute masomo, urudi nayo. Alipoolewa, nilisema: enda ujenge nyumba, urudi na bajukuu. Mukubwa wake alienda Kolwezi, nilisema: enda utafute kazi. Sasa leo nitasema nini? Enda uka… uka nini? Nilimuuliza. Anasema: "Kuangalia, Papa." Kuangalia nini? Baraka yenye haina sababu ni sawa treni yenye haina destination. Inaweza kutupa mutoto fasi yoyote.

Sasa tulielewa sote. Huko mbali maji yalikuwa yanapanda, na mzee huyu alikuwa amepungukiwa na neno moja tu.

— Basi tutamutafutia sababu, alisema Avocat, akamhamisha Séphora kwenye bega lingine. Tena iko wazi: commerce, biashara. Bato moya, bandari na bandari. Banabeba bitunguu huku, banauzisha kule.

— Weye hata ku kilio unaonaka soko, alisema Ministre.

— Habauzishe kitu, alisema Papa Laurent. Nilisha kumuuliza. Mule ndani munaenea kitanda na sufuria tu.

— Basi ni samaki, alisema Avocat.

— Osée anaogopaka miba. Anakulaka kuku.

— Mwanaume wa bato mwenye anakulaka kuku! Ministre alipiga goti lake. Aah, sasa nimejua. Banakimbia bandugu! Fikirini muzuri. Nyumba iko na mulango, na mulango iko na bandugu. Muko ku meza: ko ko ko! Shemeji anaingia na valise. Sasa mu bato nani atapiga hodi? Samaki? Bazee balisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ku mayi hakuna shamba, jembe utamupa ya nini? Kwa hiyo mugeni haji. Njo sababu yenyewe.

Papa Laurent aliinua macho.

— Bénie hawezi kukimbia bandugu. Kila kilio yetu hapa, mutu akikufa, ye njo wa kwanza kupiga simu.

Ministre aliona kwamba amegusa kidonda. Aliinama, akashona kiatu cha pili cha mteja wake, ambacho hakuna aliyemwomba akishone.

— Pole, Chef. Ni kinywa tu.

— Tena kuko kitu ingine, alisema Papa Laurent. Ile njia ya mayi iko mwembamba. Bato yabo inapanda, ingine inashuka. Banakutana kati. Ku reli, treni moya inangojaka ku gare. Kule nani anasimamisha mwenzake? Nani anarudi nyuma?

— Banapitana tu, Chef, alisema Avocat. Mayi haina rails.

— Kitu chenye haina rails inawezaka kufika namna gani?

Avocat aliona heri amfute Séphora pua.

— Nilimuuliza na mambo ya madaraja, aliendelea Papa Laurent. Bato iko na kichwa mrefu, daraja iko chini. Sikilizeni kile alinijibu.

Akabonyeza tena. Bénie alikuwa anacheka kidogo:

— Papa, usiogope. Tukifika ku daraja, Osée anaita ku radio. Muntu mwenye analinda daraja anaifungua, inasimama juu kabisa. Magari yote inangoja. Siye tunapita, tunamupungia mukono, naye anatupungia.

Sote, pamoja na mimi, tuligeuka kuliangalia daraja letu, na lori la makaa lililokuwa likipita juu yake likitikisika.

— Magari yote? aliuliza Ministre.

— Yote, alisema Papa Laurent.

— Hata ya bakubwa?

— Hata ya bakubwa. Banasimama, banazima moteur.

— Juu ya Bénie wetu!

— Eh bien, voilà! alisema Avocat, na Séphora akashtuka, naye akampapasa mgongo. Pardon, mama, pardon. Munaona? Daraja haiinukake juu ya batu ya bure. Bale beko na mission. Serikali ya kule iliwatuma kupima mayi. Inapanda wapi, inashuka wapi, nani anaiiba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ile haba na haba njo itajaza bato, alisema Ministre. Inaanzaka na katobo kadogo.

— Ministre! alilia Papa Laurent.

— Nilisema katobo kadogo, Chef.

— Umukataze tu, alisema Avocat. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mu bato guu ni ya kazi gani? Banakaa tu.

— Wakati ya kuogelea!

Papa Laurent alifunika uso kwa mkono. Niliwaambia: wazee wangu, polepole, muangalie kwenye munapitisha maneno. Nadhani Ministre alitaka kurekebisha. Alisimama, akachora mstari mavumbini kwa kisu chake cha kukatia ngozi.

— Ngojeni. Bahari ni moya ao ni mingi?

— Inaunganaka yote, alisema Avocat.

— Inafika Banana, kwetu?

— Inafika.

— Ku Banana njo mutoni wa Congo unaingia mu bahari. Sasa panda nayo. Matadi, Kinshasa, Kisangani. Kisha Lualaba. Kisha Luvua. Unaingia mu ziwa Moero, unakamata Luapula, unakamata Kafubu, na ku Kafubu kunaingia nini? Alinyoosha kisu kuelekea chini ya daraja. Naviundu! Bénie anakuya nyumbani! Anasema kaskazini juu ya kutudanganya. Ni surprise!

— Na maporomoko? Na Inga? Bato itapanda ngazi? aliuliza Avocat.

— Batabeba ku kichwa.

— Na Naviundu yenyewe? Hata bata anapitamo na miguu!

Tulicheka mpaka Séphora naye akacheka, bila kujua kitu. Kisha nikaona kwamba Papa Laurent alikuwa bado anauangalia ule mstari mavumbini, kwa kidole chake akiufuata kutoka mwanzo mpaka mwisho.

— Kama ingekuwa kurudi, alisema, ningeisema sasa hivi. Enda, urudi kwetu. Singengoja mutu anisukume.

Kicheko kikaisha. Avocat alimshika Séphora kwa mkono mmoja, ule mwingine akauweka mgongoni mwa mzee, akauacha hapo.

Ndipo Mama Mujinga, mke wa Papa Laurent, alipotokea akishuka barabara. Mama huyu hupita hapa kila siku kwenda sokoni, hutusalimia, hasimami. Kijiwe ni cha wanaume, mimi nipo kwa sababu ya kahawa. Lakini leo alisimama. Mkononi alikuwa na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani.

— Laurent, mutoto amenipigia simu. Mayi imepanda. Osée ameshika kamba, anangoja kinywa chako.

— Sijapata sababu, Mujinga. Tulitafuta yote na hawa. Hapana commerce, hapana samaki, hapana kazi. Banaenda kuangalia tu. Bantu babili, bila kazi, bila kilio, bila kitu! Nani anaendaka vile?

Mama Mujinga alimwangalia mume wake. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

— Siye babili, tulisha kwenda wapi?

— Namna gani, wapi?

— Weye na miye. Bila kazi, bila kilio.

— Kamina, alisema Papa Laurent upesi.

— Kilio ya baba yako.

— Likasi!

— Batiso ya mutoto wa Mwenya. Nilipika toka asubuhi, weye ulikaa na banaume.

— Kalemie…

— Kalemie ulienda na treni yako. Miye nilibaki na batoto.

Papa Laurent aligeuka kwa Avocat, kama mtu anayeomba shahidi. Avocat alikuwa ameinamia vidole vya Séphora, midomo yake ikisogea, na nilijua anatafuta ya kwake. Ministre pia aliacha sindano ndani ya ngozi. Na mimi, birika mkononi, nilitafuta safari yangu na baba yake Séphora. Nilipata soko, nilipata hospitali. Sikupata nyingine.

Papa Laurent aliinuka, akapokea glasi. Avocat alinirudishia mtoto, akachukua simu, akaivalisha mfuko mpya wa plastiki kutoka kwenye meza yake, wa kuuza, isilowe, akaishika mbali kwa mikono miwili. Mzee aliweka maji kinywani, akayapuliza. Matone yalimpiga Avocat usoni, naye hakujipangusa.

— Bénie, mwana wangu. Osée, mwana wangu. Muende…

Akakwama hapo. Tuliogopa. Kisha alimwangalia Mama Mujinga, si simu.

— Muende juu ya kuwa babili. Muangalie. Mumoja akiona kitu ya muzuri, asiiangalie peke yake, aite mwenzake. Njo sababu. Muende nayo, murudi nayo.

Avocat aliachia kidole, ujumbe ukaenda. Baadaye kidogo simu ikalia, Avocat akabonyeza, tukasikia Bénie akisema "Aksanti, Papa," kwa sauti iliyolowa machozi, halafu injini ikawaka, ikanguruma, na mtu akapiga kelele ya furaha kwa mbali. Bila shaka ni Osée. Papa Laurent alisikiliza ile injini mpaka mwisho, akaomba aisikie tena.

Kisha alimgeukia mke wake.

— Na weye, Mujinga? Ungetaka twende wapi?

Ministre aliondoa viatu vya watu juu ya benchi, akapangusa ubao kwa mkono wa shati lake, akasogea mpaka ukingoni. Mama akakaa.

— Ngoja, alisema. Hapana mwenye aliniulizaka ile. Acha nifikiri.