Mzee Kwanza Hakubahatisha

Jirani yetu mwenye duka la vipuri amekuwa akisema kwamba baba alipopofuka alianza kubahatisha. "Gari la kupeleka kwa kipofu na mama mwenye mtoto mgongoni," aliwaambia wateja wake, "si bora ulisukume mtoni likaoge?" Nimemwona amekaa pale nyuma. Karibu, jirani, na asante kwa kuja. Lakini leo ninasoma mimi, na nitasoma yote.

Marehemu baba yetu, fundi wa magari ya petroli, ambaye wengi mlimwita Mzee Kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga rangi na muuza maziwa. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alizoea kumtoa nje kwa sababu kila gari likipita aligeukia dirishani. Huko nje alilisikia vizuri zaidi, kwa hiyo adhabu hiyo haikumsaidia mwalimu.

Mwaka 1968 aliingia karakana ya malori, akaosha vyuma miaka miwili kabla ya kukabidhiwa spana. Tarehe 3 Juni 1979 alifungua banda lake mwenyewe, mabati kumi na manne na benchi moja. Jina la Kwanza alilipatia hapo. Mteja alifika akasema, "Fundi, nibadilishie kabureta," naye akajibu, "Tupime kwanza." Alichomoa plagi zote akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Yenye masizi makavu, petroli imezidi hewa. Iliyolowa oili, ringi zimekwisha. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua kwa njaa. Na hakugusa vitu viwili kwa mara moja. "Ukibadilisha vitatu na gari likapona," aliuliza, "utajua umeponya nini?" Wauza vipuri hawakumpenda kwa hilo. Nalisema mbele yao.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 20 Agosti 1977. Babu mzaa mama alikuwa amemwita atazame gari lililokataa kuwaka asubuhi, na mama ndiye alikuwa kwenye usukani, amevuta choki, kile kivuto cha kuongezea injini baridi petroli, mpaka mwisho akaisahau hapo.

"Dada, umelinywesha mpaka limelewa," baba alimwambia.

"Wewe umeitwa kutengeneza gari au kunifundisha adabu?"

Miezi minane baadaye wakaoana. Mama anasema swali lake halijajibiwa hadi leo.

Presha ya macho ilimwanza mwaka 2015, na kufikia Novemba 2019 alikuwa haoni kabisa. Watu walikuja kumpa pole kama aliyekwisha kufa. Mimi, kitinda mimba wake, nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mchanga. Akaniambia, "Mama, macho unayo wewe, masikio ninayo mimi. Njoo bandani." Nikaenda.

Sasa nieleze kubahatisha kwake. Mwaka 2021 alikuja dereva wa teksi. Gari lake lilikwenda kama dakika ishirini, likazima, likapumzika, likawaka tena. Dukani alikuwa ameshauziwa pampu ya petroli, koili na plagi nne mpya, na bado lilizima.

"Linakatika ghafla au linakosa nguvu kwanza?" baba aliuliza.

"Linakosa nguvu, mzee. Kama mtu anayekabwa."

"Basi twende likakabwe tukiwa ndani."

Tulipanda wote, mwanangu mapajani, mpaka lilipozima karibu na shule. Dereva alitaka kufungua boneti. Baba akasema, "Iache. Mama, zunguka nyuma, fungua mfuniko wa tangi polepole." Nilipoulegeza, hewa iliingia kwa nguvu, fyuuu, kama tangi lilikuwa limezuia pumzi. "Washa," akasema baba. Likawaka papo hapo.

Abiria walikuwa wamelalamikia harufu ya petroli, na dereva akaziba kwa gundi katundu kadogo ka mfuniko, bila kujua kwamba hapo ndipo hewa inapoingilia tangini kila petroli inapokwenda kwenye injini. Isipoingia, petroli nayo haitoki. Nilikazibua kwa pini ya nepi. Yule dereva yuko hapa leo, na gari lake ndilo limembeba mama. Mwenye kusema ni bahati akamwulize.

Januari 2023 moyo wa baba ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akawa mtu wa kitandani. Wateja waliuliza, "Mzee kasemaje?" nami nikajibu, "Mzee kasema ni waya wa plagi," au "Mzee kasema valvu." Mara nyingi mzee alikuwa amelala, hajaulizwa kitu. Nilikuwa nimepima mwenyewe. Niliogopa nikisema ni mimi wataondoka na magari yao. Kwa hiyo wanaosema kwamba leo tunazika na banda, wamelisikia kutoka kwangu, na kosa ni langu. Banda halizikwi. Jumatatu saa mbili litakuwa wazi.

Mzee ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, na magari mawili bandani ambayo wenyewe wanajua kwa nini hawajayachukua. Mungu ampe ule utulivu ambao hapa duniani alikuwa akiukataa.

Nimeiacha siku yake ya mwisho iwe mwisho. Alilazwa hospitali tarehe 2 Agosti 2024, akafariki tarehe 9, saa sita mchana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa naye, namnyonyesha mtoto wangu wa pili. Chini ya dirisha mtu aliwasha gari la zamani. Baba aliinua kidole.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia, baba."

"Linasemaje?"

Nikasikiliza tena. "Silinda moja haichomi. Tatu ndizo zinazovuta."

Nilidhani nimekosea. Kisha akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Shuka ukamwambie mwenyewe asiende nalo mbali. Na mama, usimwambie mzee kasema. Mwambie umesikia wewe."