Pacha Anayefutika

Benchi la nje ya kinyozi lilikuwa limejaa mapema: Kinyozi mwenyewe akingoja wateja, Profesa anayetengeneza simu mlango wa pili, na Nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, ambaye kahawa yake ilikuwa inapoa. Zahanatini kadi za watoto huwekwa kwenye programu ya bure, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuripoti kasoro zake. Nesi alikuwa ameripoti moja.

— Ukiandikisha mapacha, wa pili anamfuta wa kwanza, alisema. Juzi nusura mtoto akose chanjo. Nimewaandikia wenye programu, wamenijibu, "Kwetu haitokei." Wakaifunga ripoti.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Kinyozi akasema. Ndiyo maana pacha kafutika.

— Hiyo si kasoro, Profesa akadakia. Hao waliokujibu ni jopo la wakubwa. Wanataka kupunguza watu duniani, wameanza na mapacha.

— Kwa kuwafuta kwenye kompyuta? Kinyozi akauliza.

— Bandu bandu huisha gogo.

— Basi hata mashine yangu ya kunyolea wameigusa. Jana imezimika mteja kanyolewa nusu.

Nesi hakucheka.

— Nimeandika kurasa mbili, jamani. Najiona mjinga.

Mama mmoja aliyeleta simu kwa Profesa akageuka.

— Samahani, mwanangu. Hao wanaokujibu wako wangapi?

Nesi akafungua simu, akapekua majibu ya ripoti zote za miaka sita. Jina lilikuwa moja tu. Mahali fulani mwenye jina hilo alikuwa ameandika: "Mniwie radhi, ripoti hizi nazisoma nikitoka kazini."

— Ni mmoja, akasema polepole.

Profesa akakohoa, akainamia kikombe.

— Na wewe ulimwandikia nini kurasa mbili? mama akauliza.

— Malalamiko, mama.

Pale pale Nesi akaanza kuandika upya: kwanza fungua kadi ya mzazi, pili andika mtoto, tatu andika pacha wake kwa tarehe ile ile ya kuzaliwa. Mistari saba tu.

Jumatatu jibu likaja: "Sasa nimeiona. Nimerekebisha. Watoto hawajambo?" Nesi akalisoma kwa sauti benchini. Mama alikuwa amekuja kuchukua simu yake.

— Miaka sita, akasema. Kuna aliyewahi kumwambia asante?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Nesi.