Yoezeri bin Hanania, Mshona Viatu wa Antiokia, na Meza Aliyoihama

Marehemu Yoezeri bin Hanania alizaliwa Kirene, mwaka wa pili wa Kaisari Tiberio, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Alisoma Maandiko katika sinagogi la mtaani kwao, na ufundi akafundishwa na baba yake. Akiwa kijana alikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pentekoste, akamwamini Yesu, asirudi tena kwao. Waamini walipoanza kuuawa alikimbilia hapa Antiokia, akafungua kibanda karibu na daraja. Akamwoa Berenike, wakajaliwa mabinti wawili.

Siku hizo habari za Yesu waliambiwa Wayahudi tu. Yoezeri aliwaambia na Wayunani, maana mteja aliyekwisha vua viatu, alisema, hana pa kukimbilia. Wa kwanza kuamini alikuwa Sosibio, muuza mafuta, ambaye Yoezeri alimbatiza mwenyewe mtoni. Alipoalikwa kwake mara ya kwanza, marehemu alichungulia chungu mpaka mwenyeji akacheka. "Kula, bwana. Samaki huyo. Nguruwe tumemficha kwa jirani." Tangu hapo wakawa wanakula pamoja, miaka na miaka.

Yanayofuata aliagiza mwenyewe yasomwe. Mwaka wa nane wa Klaudio walifika wageni kutoka Yerusalemu, waamini wa Kiyahudi wasiokula na watu wasiotahiriwa. Hawakumkemea mtu, walikaa kando tu. Binti mkubwa alikuwa ameposwa na jamaa ya mmoja wao, na Yoezeri akaogopa posa isije ikavunjika. Alichukua bakuli lake akahamia kwao.

Sosibio alimfuata. "Ulinibatiza kwa mikono hiyo. Leo chakula changu kina nini?"

"Nivumilie kidogo, ndugu yangu. Wakiondoka nitarudi."

Binti aliolewa. Kwenye arusi ile baba yake hakugusa chakula.

Baadaye wazee wa Yerusalemu waliamua watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Yoezeri alibeba mkate akaenda mbio kwa Sosibio, ambaye aliupokea mlangoni, kwa adabu, bila kumkaribisha ndani. "Uamuzi huo umekufungua wewe," alisema. "Mimi nilipokewa siku ile mtoni." Akahamia Seleukia.

Marehemu hakuacha kuhubiri. Wengi mliosimama hapa, Wayunani na Washami, aliwaleta yeye, na kwa kila aliyemleta alimtaja yule aliyempoteza.

Tangu masika kifua kilimsumbua, kisha miguu ikavimba. Juzi aliomba Sosibio aitwe. Alifariki alfajiri ya leo, tarehe kumi na mbili ya mwezi Daisio, mwaka wa kumi wa Nero, akiwa na miaka arobaini na minane. Sosibio alifika asubuhi, sanda imeshafungwa. Akauliza kama marehemu alisema lolote.

"Jana alikataa chakula," Berenike alimjibu. "Alisema anakusubiri mle pamoja."

Sosibio aliketi chini karibu na mwili, na vumbi la njia miguuni.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na dada yake aliyeko Kirene. Mjane ameagiza jina la Sosibio lisomwe pamoja na ya ndugu. Mwenyewe bado ameketi pale chini.

Bwana ampe Yoezeri pumziko lenye amani.